Mimba Zinazotoka Mfululizo: Kipimo Gani Kinunuliwe, Kipi Kiachwe

Mwanamke wa Nyakabanda, hapa Kigali, aliyepoteza mimba ya tatu ana njia mbili anapotoka nyumbani asubuhi. Anaweza kuteremka kwa miguu hadi kituo cha afya, mituweli yake, yaani bima ya afya ya jamii, ikiwa imelipwa, akatoa faranga 200 na kukaa kwenye foleni. Au anaweza kupanda pikipiki hadi kliniki ya binafsi mjini, akaandikiwa vipimo vya damu vinavyojaza karatasi nzima, kisha akaambiwa atume pesa kwa simu, kwa MoMo, kabla hata ya kukunja mkono wa blauzi. Njia ya kwanza inachosha. Ya pili inamaliza akiba ya mwaka. Nimeandika haya kwa ajili ya mama huyo na mumewe, wajue ni pesa gani inanunua kitu na ni pesa gani inapotea, hasa pale daktari anapotamka maneno "kinga ya mwili" na "damu kuganda".

Kabla ya kutoa hata faranga moja, yafaa kujua ukubwa wa tatizo lenyewe. Katika kila mimba 100 zilizothibitishwa, karibu 15 hutoka, nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na chanzo cha zaidi ya nusu yake ni hitilafu ya kromosomu katika kiinitete. Hitilafu hiyo mara nyingi hutokea yai linapokomaa, kabla hata halijakutana na mbegu, na hakuna sindano inayoizuia. Mimba moja ikitoka hivyo, huzuni ni kubwa lakini mwili wa mama hauna ugonjwa. Zikitoka tatu, mambo ni mengine. Wanandoa wanaofika hapo ni wachache, kama mmoja au wawili katika mia, na hao ndio wanaostahili kuchunguzwa. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kinasema uchunguzi uanze baada ya mimba mbili. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinasema tatu. Kwa maoni yangu, mwenye mfuko mdogo asubiri tatu zikiwa zote zilitoka mapema sana, lakini mtoto mmoja tu akifia tumboni baada ya wiki 10, akiwa na umbo la kawaida na bila sababu kujulikana, hiyo inatosha kuanza kuuliza.

Ugonjwa ulio nyuma ya maneno hayo mawili, kinga na kuganda kwa damu, ni mmoja hasa. Unaitwa ugonjwa wa antifosfolipidi. Kwenye karatasi za hapa Kigali unaweza kukuta umeandikwa APS kama daktari alisomea Kiingereza, au SAPL kama alisomea Kifaransa. Uliandikwa kwa ukamilifu mwaka 1983 na Graham Hughes, daktari wa London, na wengi bado wanautaja kwa jina lake. Katika ugonjwa huu mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia protini zilizoshikamana na mafuta ya kuta za seli. Damu huwa nyepesi kuganda pale isipotakiwa: kwenye mshipa wa mguu, kwenye ubongo, kwenye kondo la nyuma. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto hufa kwa sababu tu damu imeganda kwenye kondo. Leo inajulikana kwamba kingamwili hizo pia huchokoza kinga ya mama ishambulie seli zinazojenga kondo tangu wiki za mwanzo, na kwamba heparini husaidia kwa kutuliza shambulio hilo, mbali na kuzuia damu kuganda.

Sababu ya kuuweka ugonjwa huu mbele ya mengine yote ni kwamba unatibika, na tiba yake imepimwa. Katika kliniki ya St Mary's ya London, ambako wanawake wenye mimba zinazotoka mfululizo walichunguzwa kwa wingi miaka ya 1990, karibu 15 katika kila 100 walikuwa na kingamwili hizi. Mwaka 1997 madaktari wa hapo walichapisha matokeo ya wanawake 90 wenye ugonjwa huo. Nusu walipewa aspirini peke yake, nusu aspirini pamoja na sindano za heparini. Waliopata aspirini tu, 42 katika mia walizaa mtoto hai. Waliopata zote mbili, 71 katika mia. Kundi lilikuwa dogo, na majaribio mengine hayakuona tofauti kubwa kiasi hicho, lakini mpaka leo hii ndiyo tiba inayopendekezwa na miongozo ya Ulaya na Uingereza.

Vipimo vitatu, mara mbili

Ugonjwa huu hupimwa kwa vitu vitatu: lupus antikoagulanti, kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glaikoproteini. Mama anapopewa orodha ndefu, atafute hivi vitatu ndani yake. Hivi ndivyo vya kulipia kwanza. Vingine, kama vipo, visubiri.

Kuna kanuni moja inayoamua bei yote. Majibu yakitoka chanya, lazima kipimo kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu malaria, mafua makali au maambukizi mengine huweza kuzizua kingamwili hizi kwa muda, kisha zikapotea. Chanya moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kwa upande wa pili, vikitoka hasi vyote vitatu, na damu ilichukuliwa vizuri, kwa kawaida hakuna haja ya kurudia. Kwa hiyo usikubali kulipia kifurushi cha mara mbili siku ya kwanza. Lipia mara moja, soma majibu, kisha uamue.

Maabara nazo hazifanani, na tofauti kubwa iko kwenye lupus antikoagulanti. Kipimo hiki huharibika kirahisi kuliko hivyo vingine. Damu huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, ile yenye sitrati, na lazima ijae hadi kwenye alama. Ikipungua, uwiano wa dawa na damu unavurugika. Kisha damu inazungushwa kwenye mashine mara mbili ili kuondoa chembe sahani, na kama haipimwi siku hiyohiyo, maji yake hugandishwa. Maabara nyingine mjini hupima hapahapa, nyingine hutuma sampuli nje ya nchi. Kutuma si kosa, mradi sampuli imesafiri ikiwa imegandishwa kwa barafu. Basi uliza dirishani maswali mawili: inapimwa wapi, na inasafirije? Maabara isiyoweza kujibu hayo haijastahili pesa yako hata ikiwa ndiyo ya bei nafuu. Mwambie pia anayekutoa damu kama tayari unatumia heparini au vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa hivyo hupotosha majibu. Na kama mimba imetoka juzi, vuta subira kama wiki sita kwanza.

Hapa ndipo foleni ya serikali inapogeuka kuwa na faida. Njia ya mituweli ni kituo cha afya, kisha barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ambayo kwetu ni ile ya Nyarugenge iliyopo Nyamirambo, au Muhima ambayo mji mzima unaijua kwa uzazi. Halafu, ikilazimu, CHUK, hospitali ya rufaa ya chuo kikuu. Kituoni unalipa faranga 200, hospitalini unachangia asilimia 10 ya gharama. Ukiruka ngazi ukaenda mwenyewe kliniki ya binafsi, unalipa asilimia 100. Watu huiruka kwa sababu ya haraka, na haraka hiyo naielewa. Aliyefukia matumaini mara tatu hataki kusikia habari ya miadi ya mwezi ujao. Lakini wiki 12 za kusubiri kipimo cha pili haziwezi kununuliwa na mtu yeyote, awe na bima ya aina gani. Mwanamke ambaye hajashika mimba hapotezi chochote kwa kupita njia ndefu ya rufaa, maana muda huo ungepita vilevile. Aliyekwisha kushika mimba ndiye asiyeweza kusubiri, kwa sababu dawa ikitakiwa huanza mapema, mara tu mimba inapothibitika. Huyo ndiye ninayemwambia: kama akiba ipo, lipia vipimo vitatu binafsi wiki hii, kisha peleka majibu kwa daktari wa hospitali ya serikali ili dawa uandikiwe huko.

Katika wiki za kusubiri mtumie kinga ya kupanga uzazi, lakini msichukue vidonge vyenye estrojeni. Kwa mwenye kingamwili hizi, estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kwenye mapafu. Kondomu au kitanzi cha shaba vinafaa, na vyote hupatikana kupitia kituo.

Karatasi ya kaswende

Kuna kidokezo kimoja ambacho huenda tayari kimo kwenye daftari la kliniki la mama, na hakihitaji senti zaidi. Wajawazito wetu hupimwa kaswende. Kipimo cha zamani kinachoitwa RPR hutumia kadiolipini, kitu kilekile ambacho kingamwili za ugonjwa huu hukishambulia. Matokeo yake, mwanamke mwenye ugonjwa wa antifosfolipidi anaweza kutoka chanya kwenye RPR ilhali hajawahi kuwa na kaswende maishani.

Fikiria maana yake nyumbani. Mama anarudi na karatasi inayosema kaswende. Mume anauliza imetoka wapi. Wakwe wanasikia. Mimba inatoka, na sasa kila mtu ana jibu lake, na majibu yote yanamwelekea yeye. Ndoa zinavunjika kwa karatasi kama hiyo. Kinachotakiwa ni kipimo cha pili cha aina nyingine, TPHA au kile cha haraka kinachotafuta kingamwili za kidudu chenyewe. Hicho kikitoka hasi huku RPR ikiwa chanya, kaswende inaondolewa, na daktari anapaswa kuwaza sababu nyingine, ugonjwa wa antifosfolipidi ukiwa mmojawapo. Malaria na hata ujauzito wenyewe huweza kuleta chanya kama hiyo, kwa hiyo si hukumu. Ila kwa mwanamke aliyepoteza mimba tatu, karatasi hiyo ni sababu tosha ya kuomba vipimo vile vitatu.

Nisieleweke vibaya. Kama uko mjamzito na kipimo cha uhakika hakipatikani siku hiyo, pokea sindano ya penisilini. Ni salama kwa mtoto, nayo kaswende isiyotibiwa huua watoto wengi tumboni. Tena wote wawili mtibiwe. Kaswende ya kweli, malaria, kisukari kisichodhibitiwa, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kizazi chenye umbo lisilo la kawaida au mlango wake kulegea, haya yote huondoa mimba na hutafutwa kwa pesa kidogo kuliko kingamwili. Mimba zinazotoka mwezi wa tano bila maumivu makali, maji yakitangulia, mara nyingi ni suala la mlango wa kizazi, na mshono unaweza kuokoa mtoto. Anza na hayo hospitali ya wilaya.

Na msisahau kundi la damu. Mama mwenye Rhesus hasi, mume akiwa chanya, anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto anayefuata. Huu nao ni ugonjwa wa kinga, ila hauondoi mimba changa. Humdhuru mtoto wa pili au wa tatu, mimba ikiwa imekomaa. Sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, au baada ya mimba ya zaidi ya wiki 12 kutoka, huuzuia. Kipimo cha kundi la damu ni cha bei ya chini kabisa, na mume apimwe siku hiyohiyo. Kama mama ni hasi, ulizieni mapema hospitali gani ina anti-D kwenye jokofu. Saa 72 ni chache sana kuzitumia kuzunguka maduka ya dawa.

Hesabu ya sindano

Vipimo vikithibitika, gharama kubwa ndipo inapoanza, na ni vizuri familia iione yote kabla ya kushika mimba.

Aspirini ni kidonge kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, na bei yake haimshindi mtu. Heparini ndiyo nzito. Inayotumika zaidi ni enoksaparini, kwa kawaida miligramu 40, sindano moja kila siku chini ya ngozi ya tumbo. Ikianza wiki ya 6 na kuendelea hadi wiki ya 40, hizo ni sindano 238. Baada ya kujifungua inaendelea wiki sita zaidi, sindano 42. Jumla 280. Shika nambari hiyo, kwa sababu kila tofauti ya faranga 1,000 kwenye bei ya sindano moja ni faranga 280,000 mwishoni.

Tuseme, kwa mfano tu, umeuziwa faranga 5,000 kwa sindano. Anayelipa mfukoni atatoa 1,400,000. Ikiwa dawa imeandikwa hospitalini na bima imeikubali, mwenye mituweli atachangia 140,000, na mtumishi wa serikali mwenye bima ya RAMA, anayechangia asilimia 15, atatoa 210,000. Tofauti hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi huku kwetu Munanira. Kwa hiyo, kabla ya kununua sindano ya kwanza, mwulize mfamasia wa hospitali: je, enoksaparini kwa mjamzito inalipwa na bima yangu, kwa barua ya nani, na kwa sindano ngapi kwa mwezi? Ukiwa na bima ya kampuni, uliza pia kama wana kikomo cha mwaka. Sindano 280 zinaweza kukigusa. Na kumbukeni mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai. Mimba ikivuka tarehe hiyo, mchango wa mwaka mpya uwe umelipwa mapema, isije ikakatika katikati ya dozi.

Majina ya dukani yasikuchanganye. Lovenox na Clexane ni dawa ileile kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Moja ni jina la upande wa Ufaransa, nyingine la upande wa Uingereza. Ukiandikiwa moja ukakuta nyingine kwa bei ya chini, nunua. Zipo pia enoksaparini za viwanda vingine kwa bei pungufu. Hizo uhakikishe zimesajiliwa na Rwanda FDA, na mwombe daktari akubali kabla hujabadili. Ukishaanza na ya kiwanda kimoja, ni bora kumaliza nayo. Isiachwe juani wala karibu na jiko, na isigandishwe.

Chaguo la bei ya chini ni heparini ya kawaida, ile ya chupa. Uniti 5,000 mara mbili kwa siku, yaani sindano 560 badala ya 280. Chupa ya uniti 25,000 hutoa dozi tano, kwa hiyo kuna kupima kwa bomba la sindano kila mara, na kosa la kupima ni hatari. Inataka pia damu ipimwe chembe sahani mara kwa mara, kwa kuwa huweza kuziangusha, na ikitumiwa miezi mingi hupunguza nguvu ya mifupa kuliko enoksaparini. Ukijumlisha vipimo hivyo na nauli za kwenda kupimwa, unafuu wake hupungua. Jaribio la London la 1997 lilitumia hii ya kawaida, kwa hiyo usiione ni dawa ya maskini isiyofanya kazi. Inafanya kazi. Ila ningemshauri mwenye bima apiganie enoksaparini.

Swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini Nyakabanda na Nyamirambo, wanakokaa Waislamu wengi, na Waadventista pia wana haki ya kuliuliza. Heparini zote mbili hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Daktari asiposema, mgonjwa akija kujua katikati ya mimba huweza kuacha ghafla, na hapo mtoto yuko hatarini. Ni bora lisemwe siku ya kwanza. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya namna hii pale ambapo hakuna mbadala unaofaa, kwa hoja ya dharura, na wengine huongeza kwamba asili yake imekwisha kugeuka. Nenda kwa sheikh wako ukiwa na karatasi ya daktari mkononi, umweleze kwamba bila dawa mtoto anaweza kufa, kisha uamue kabla ya kushika mimba. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, si mbadala: havitumiki katika ujauzito. Wafarini nayo huleta ulemavu kwa mtoto ikitumiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Kudunga si kazi ya muuguzi peke yake. Mama au mume hufundishwa siku moja, na kuokoa nauli ya kila siku kwa miezi tisa. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko na zirudishwe kituoni. Mshauri wa afya wa kijiji anajua pa kuzipeleka.

Vya kuacha

Sasa nirudi kwenye ile karatasi ndefu. Mara nyingi humo utakuta Faktori V Leiden. Ni badiliko la kurithi lililogunduliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1994. Huko Ulaya karibu watu 5 katika mia wanalo. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara karibu halipo kabisa. Mwanamke ambaye ukoo wake wote ni wa maziwa makuu akilipia kipimo hiki, analipia jibu ambalo karibu kila mara litakuwa hasi. Na hata likiwa chanya, halibadilishi tiba ya mimba zinazotoka. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la ALIFE2, la wanawake 326 wenye magonjwa ya kurithi ya kuganda kwa damu waliopoteza mimba mbili au zaidi. Waliodungwa heparini kila siku, karibu 72 katika mia walizaa mtoto hai. Wasiodungwa, 71. Hakuna tofauti. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu ana hoja yake nyingine, lakini kwa mimba zilizotoka tu, kifute. MTHFR, kipimo kingine cha jeni, nacho kifute. Kipimo cha protini S ni mtego zaidi, kwa sababu protini hiyo hushuka yenyewe katika kila ujauzito. Ukipimwa ukiwa mjamzito utaambiwa ni mgonjwa hali u mzima.

Na kama vipimo vyote vitatu vya mwanzo ni hasi, usikubali heparini "ya kujaribu". Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2010, lenye wanawake 364 ambao sababu yao haikujulikana, lilionyesha kwamba aspirini, iwe peke yake au pamoja na heparini, haikuwasaidia. Waliopewa dawa bandia wakashika mimba, 67 katika mia walizaa. Nambari hiyo naiona ni ya kumpa mama moyo kuliko sindano yoyote: aliyekosa sababu hajakosa nafasi.

Kisha kuna tiba za "kutuliza kinga", ambazo kliniki za uzazi duniani huziuza kwa bei kubwa. Kipimo cha seli za kinga ziitwazo NK kwenye damu ya mkono hakisemi kitu kuhusu seli za NK za kwenye kizazi, ambazo tabia yake ni tofauti. Intralipid ni mafuta ya soya na mayai yaliyotengenezwa kulisha kupitia mshipa wagonjwa wasioweza kula. Ushahidi kwamba huzuia mimba kutoka ni haba mno kwa pesa inayodaiwa. HFEA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia kliniki za uzazi, huwaonya wagonjwa wazi kuhusu vipimo na tiba za namna hii. Kudungwa chembe nyeupe za mume kulivuma tangu miaka ya 1980. Jaribio kubwa la Marekani mwaka 1999 likaonyesha kwamba waliodungwa chembe hizo walipata watoto wachache kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya huko ikazuia isifanywe nje ya utafiti. Ukisikia inauzwa mahali, ondoka. Prednisoloni ya kila siku, bila ugonjwa mwingine unaoihitaji, huleta kisukari, presha na kuzaa njiti.

Projesteroni iko kati. Kwa aliyewahi kupoteza mimba na sasa anatokwa damu katika mimba changa, ina maana. Jaribio la PRISM la Uingereza, 2019, liliona kwamba miongoni mwa waliopoteza mimba tatu au zaidi na wanaotokwa damu, 72 katika mia walizaa mtoto hai kwa projesteroni, dhidi ya 57 kwa dawa bandia. Dozi ilikuwa miligramu 400 ukeni mara mbili kwa siku. Asiyetokwa damu haimsaidii.

Wapo wanaofikiria Kampala au Nairobi. Mpaka wa Gatuna, wa kwenda Uganda, ulifunguliwa tena Januari 2022, na basi la usiku lipo. Lakini kipimo cha pili ni vyema kifanyike maabara ileile ya kwanza, kwa hiyo ni safari mbili, malazi mara mbili, na mituweli haivuki mpaka. Kwa vipimo vitatu vinavyopatikana Kigali, sioni sababu. Pesa ya safari hiyo ni sindano za miezi.

Pesa ya mwisho isiyokwepeka ni ya miadi. Mimba ya mwenye APS hufuatiliwa kwa karibu: presha, mkojo, picha ya ultrasaundi kuangalia mtoto anavyokua, kwa kuwa kifafa cha mimba na mtoto kudumaa humwandama zaidi. Azalie hospitalini, pasipokosa daktari na damu ya akiba. Daktari atamwambia sindano ya mwisho kabla ya uchungu iwe lini, na siku ya kuanza tena baada ya kujifungua. Wiki hizo sita za baada ya kuzaa ndizo ambazo familia nyingi huziona ni za kubana matumizi, mtoto akiwa keshalia. Msizibane. Huo ndio muda ambao damu ya mama huganda kirahisi kuliko wakati wote wa mimba. Kisha aandikiwe APS kwa herufi kubwa kwenye kila daftari lake la hospitali, na asikubali kamwe vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, maana ugonjwa huu hauishi mtoto anapozaliwa.